Likizo Tanga: Homa isije ikawafuata hadi nyumbani

Mwezi uliopita mpwa wangu anayeishi Arusha alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, akaniambia: "Shangazi, watoto wanataka tena kuja Tanga mwezi wa kumi na mbili. Safari hii nipangie wewe, maana ile ya mwaka jana sitaki hata kuikumbuka."

Mimi naikumbuka. Ilikuwa likizo ya Juni. Walikaa siku tatu mjini Tanga, wakaona bandari, mapango na majengo ya Wajerumani. Kisha wakaenda siku nne kwa bibi yao Moa, kijiji chetu cha wavuvi wilayani Mkinga, kaskazini ya Jiji la Tanga kuelekea mpaka wa Kenya. Watoto walirudi Arusha weusi kwa jua na wenye furaha.

Siku ya kumi baada ya kurudi, yule mdogo wa miaka sita akaanza kuchemka. Arusha ilikuwa baridi na nyumba nzima inakohoa. Mama yake akaona ni mafua, akampa parasetamo siku mbili. Siku ya tatu akampeleka zahanati ya jirani, akapewa dawa ya kikohozi na antibayotiki. Hakuna aliyeuliza mtoto alikuwa wapi wiki iliyopita, na mama hakufikiria kusema. Usiku wa siku ya nne mtoto akapata degedege. Walipofika hospitali na damu kupimwa, ilikuwa malaria kali. Alilazwa siku tano kwa sindano. Alhamdulillah, leo ni mzima.

Sisimulii haya ili kumlaumu mtu. Mama alifanya anachofanya kila msimu wa baridi, na zahanati iliona mtoto anayekohoa katika mji ambao malaria ni nadra. Kilichokosekana ni sentensi moja tu: "Tumetoka Tanga wiki iliyopita."

Wasambaa walilijua zamani

Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross aligundua kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu. Miaka hiyohiyo daktari maarufu wa Kijerumani, Robert Koch, alikuwa huku kwetu, enzi za ukoloni wa Kijerumani. Aliandika kwamba watu wa milima ya Usambara walikuwa na ugonjwa waliouita "mbu", jina lilelile la mdudu, na walisema wanaupata wanaposhuka tambarare na kuumwa na mbu. Juu mlimani hawakuuona.

Jambo hilo halijabadilika. Mikoa yenye baridi kama Arusha, Kilimanjaro na Njombe ina malaria kidogo sana. Mtoto anayekulia huko mwili wake haujazoea kupambana na vijidudu hivyo, kwa hiyo akiumwa na mbu wa pwani anaweza kuzidiwa haraka kuliko binamu yake aliyezaliwa Moa. Mzazi naye, hata kama alizaliwa pwani, akikaa miaka mingi kwenye baridi kinga yake hupungua. Usijiambie "mimi ni mtu wa Tanga, malaria inanijua."

Tazama pia kalenda. Likizo ya Juni inakuja mara baada ya masika, na ya Desemba inakuja wakati wa vuli au mara baada yake. Yaani shule zinafungwa wakati madimbwi yamejaa na mbu wameongezeka. Hatuwezi kuhamisha likizo, ila tunaweza kujiandaa.

Wiki tatu kabla ya safari

Kwanza, ulizia chandarua kabla ya kulipia chumba. Nyumba za wageni nyingi zina vyandarua, lakini uliza kama hakijatoboka na kama madirisha yana nyavu. Kama mtalala kwa ndugu, hesabu vitanda. Bibi wa Moa ana vyandarua viwili, na mwaka jana wageni walikuwa watano. Watoto walilala kwenye mkeka sebuleni bila chochote, kwa sababu mgeni huona aibu kudai na mwenyeji huona aibu kusema havitoshi. Nunua chandarua chenye dawa, ukitie kwenye begi pamoja na kamba na misumari minne. Mkiondoka, mwachie bibi.

Pili, zungumza na daktari kuhusu dawa za kinga ya malaria, hasa kama unasafiri na mtoto mdogo, mjamzito au mgonjwa wa selimundu. Dawa zipo za aina kadhaa na si kila moja inafaa kwa kila mtu. Doksisaiklini, kwa mfano, kwa kawaida haitumiki kukinga mtoto chini ya miaka minane wala mjamzito. Usimpe mtoto dozi ya dawa mseto "ili kujikinga". Hiyo ni dawa ya kutibu, na hutolewa baada ya kipimo.

Tatu, kwa wenye maradhi ya kudumu, dawa zibebwe nyingi kuliko siku za safari. Kama ni siku saba, beba za siku kumi na nne, kwa sababu basi huharibika na likizo hurefuka. Hii ni kwa dawa za shinikizo la damu, kisukari, kifafa, pumu, na za kufubaza virusi vya Ukimwi. Ziweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Beba na kadi ya kliniki, hata picha yake kwenye simu.

Anayetumia insulini ajue kwamba joto huiharibu, na kuganda huiharibu zaidi. Isigusane na barafu. Pale pasipo na friji, itie kwenye kopo lisilopitisha maji, kisha uliweke ndani ya mtungi wa udongo uliolowa, kivulini. Mtungi unaopoza maji ya kunywa unapoza na insulini.

Mtoto wa selimundu anywe maji njia nzima, kwani kutoka Arusha hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 400 na joto huanza kupanda mkishuka. Asinyimwe maji kwa kuogopa kwamba ataomba basi lisimame. Kukauka maji mwilini kunaweza kumletea maumivu makali, na akiogelea akatetemeka kwa baridi vilevile. Atoke majini mapema na akaushwe.

Mwisho, beba kadi za bima, na uliza mapema kama bima yenu inatumika nje ya mkoa wenu.

Mjini

Tanga ni mji wa kutembelewa kwa miguu. Wajerumani waliufanya mji wa bandari, na mwaka 1893 wakaanza kujenga reli kutoka hapo kuelekea Usambara. Boma lao la zamani sasa ni makumbusho ya Urithi. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lilishuka hapo kwa meli na kushindwa, na wazee bado wanasimulia jinsi nyuki walivyowashambulia askari. Ngamiani, watoto watafurahi kuhesabu mitaa, kwa sababu ina namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, na kuendelea. Na kule Bombo, juu ya jabali linalotazama bahari, lipo jengo la zamani la hospitali. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ni hapohapo. Ukipita kuliona jengo, kariri na njia ya kufika. Ni vizuri kujua hospitali ilipo kabla hujaihitaji.

Matembezi haya yafanyeni asubuhi au alasiri, na kofia na maji. Saa sita hadi saa tisa mchana kaeni kivulini, hasa wazee, wajawazito na watoto wachanga.

Watu wengi hudhani mbu ni wa usiku tu. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, lakini wa homa ya dengi huuma mchana, naye hupenda mijini, kwenye matairi, makopo na mapipa ya maji. Mwaka 2019 dengi iliwasumbua watu wa Dar es Salaam na Tanga. Kwa hiyo dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu ni ya mchana pia. Mtoto wa chini ya miezi miwili asipakwe, afunikwe kwa chandarua. Jioni mkikaa barazani kupunga upepo, wavalisheni watoto mikono mirefu na suruali.

Mapango ya Amboni yako kama kilomita nane kutoka mjini. Ndani kuna giza, njia nyembamba na popo. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, si kuiacha kwenye gari, na watoto wasishike popo hata aliyekufa.

Baharini na mezani

Moa na Tanga bahari inaonekana tulivu, na hapo ndipo mgeni hudanganyika. Maji yakipwa mtu hutembea mbali mpaka kwenye mafungu ya mchanga. Yakianza kujaa, hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yake, akageuka na kukuta njia ya kurudi imekuwa kina. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni za maji ya bamvu, yanayokupwa mbali na kujaa kwa nguvu. Muulize mvuvi saa za maji kabla hamjaingia.

Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Anashuka kimya wakati watu wazima wanapiga picha. Mtoto asiyejua kuogelea awe karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unamshika. Mtu mzima mmoja awe zamu, bila simu. Na mkipanda mashua, kila mtu avae jaketi okozi, si kulikalia.

Watoto wavae viatu majini, kwa sababu kuna matumbawe na viumbe wenye miiba. Akichomwa na samaki mwenye sumu, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia, yaliyopimwa kwanza kwa mkono wa mtu mzima, kwa nusu saa au zaidi, kisha mpeleke kituo cha afya. Samaki wa kuokota ufukweni asiliwe. Bunju ana sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi.

Pweza, urojo na maji ya madafu msijinyime. Kuleni chakula cha moto kilichopikwa mbele yenu, madafu yapasuliwe hapohapo, na maji ya kunywa yawe yamechemshwa au ya chupa iliyofungwa. Beba pakiti nne za ORS na vidonge vya zinki. Mtoto akiharisha, mpe ORS mara kwa mara kwa kijiko au kikombe, endelea kumlisha au kumnyonyesha, na zinki aimalize siku 10 hadi 14 hata kama ameacha kuharisha. Ukiona damu kwenye choo, macho yamezama au hawezi kunywa, nenda kituoni.

Mkisharudi

Hapa ndipo familia nyingi hujisahau. Dalili za malaria huchukua kwa kawaida kati ya siku 7 na 30 tangu mtu aumwe na mbu. Kwa hiyo likizo yenu kiafya haijaisha mkishuka basi. Bado ina mwezi mmoja.

Ndani ya mwezi huo, homa yoyote ni malaria mpaka kipimo kiseme sivyo. Hata kama kuna mafua na kikohozi, hata kama nje kuna baridi. Mpeleke mtoto siku hiyohiyo, na neno la kwanza kwa mhudumu liwe: "Tumetoka Tanga tarehe fulani, naomba apimwe malaria." Kipimo cha haraka ni tone la damu la kidoleni na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Kikisema hakuna na homa ikaendelea, rudi kesho yake apimwe tena.

Kabla ya majibu, parasetamo ya kushusha homa inaruhusiwa kwa kipimo cha uzito wake. Usimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, maana kama ni dengi zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.

Usisubiri kukuche ukiona mtoto anapata degedege, anatapika kila kitu, hawezi kunywa wala kunyonya, amelegea au haamki vizuri, au anapumua kwa shida. Hizo ni dalili za hatari. Kwa ushauri, namba ya Wizara ya Afya ni 199.

Hayo yote nilimwambia mpwa wangu, naye akaandika. Mwishoni akaniuliza: "Shangazi, kwa hiyo unanishauri nisije?" Nikamwambia, njoo mwanangu. Bibi ana miaka mingi na watoto wanakua. Njoo na vyandarua viwili, na ukirudi Arusha andika tarehe ya kurudi kwenye kalenda ya jikoni, uhesabu siku 30 mbele na uizungushie duara. Mpaka duara hilo lipite, homa haina mzaha.

Juzi amenitumia picha ya begi. Vyandarua viko juu kabisa, na misumari iko kwenye kopo la chai.