Mifupa ya Ruhuhu na Kabati za London

Mtu akiwa Mbesa, upande wa Tunduru, yuko kati ya hazina mbili za mifupa ya kale. Mashariki, mkoani Lindi, kuna kilima cha Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913, na mnyama wao mkubwa mwenye kimo cha zaidi ya mita 13 bado anatazamwa Berlin. Huyo anajulikana, ameshajadiliwa hadi bungeni. Hazina ya magharibi haitajwi sana. Iko ng'ambo ya Songea, katika bonde la mto Ruhuhu unaoingia Ziwa Nyasa, na mifupa yake inaizidi ile ya Tendaguru kwa karibu miaka milioni 90. Kwa anayetaka kujua dinosaria walianzaje, Ruhuhu ina mengi zaidi ya kusema.

Wa kwanza kuiandika kitaalamu hakuwa akitafuta wanyama. G. M. Stockley, mwanajiolojia wa serikali ya Tanganyika, alikuwa akichunguza makaa ya mawe. Mifupa aliyokusanya ilipelekwa Cape Town, na mwaka 1932 Sidney Haughton akachapisha maelezo yake. Mwaka uliofuata alifika F. R. Parrington kutoka Cambridge, akarudi Uingereza na mzigo wake. Mingi ya mifupa hiyo ilikuwa vipande vipande: pingili chache za uti wa mgongo, kipande cha nyonga, mfupa mmoja wa mkono. Kila kipande kilipewa namba na kijikaratasi kinachoeleza kilitoka korongo gani na tabaka gani la mwamba. Kijikaratasi hicho kina thamani sawa na mfupa wenyewe, maana bila mahali na tabaka hakuna umri, na bila umri hakuna historia.

Katika miaka ya 1950, mwanafunzi wa Cambridge aitwaye Alan Charig aliichambua mifupa ya Parrington kwa ajili ya shahada ya uzamivu. Mnyama mmoja mwembamba, mwenye shingo ndefu, alimwita Teleocrater. Lakini kielelezo chake hakikuwa na kifundo cha mguu, na katika ukoo unaowaunganisha mamba, ndege na dinosaria, kifundo ndicho kilichotumiwa kuonyesha mnyama yuko tawi la mamba au tawi la ndege na dinosaria. Charig baadaye alisimamia visukuku vya reptilia katika Makumbusho ya Historia Asilia, London. Alifariki mwaka 1997, na jina lile lilikuwa bado halijachapishwa rasmi.

Watafiti walirudi Ruhuhu kuanzia 2007, safari hii wakiwemo wataalamu wa Kitanzania kama Charles Saanane wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2010 walitangaza Asilisaurus kongwe, ndugu wa karibu sana wa dinosaria, aliyejulikana kwa mabaki ya wanyama wasiopungua 14. Mwaka 2015 wakapata mifupa zaidi ya Teleocrater, na safari hii kifundo kilikuwemo. Kilikuwa cha muundo wa mamba! Hata hivyo sehemu nyingine za mwili zilimweka wazi katika tawi la ndege na dinosaria, karibu kabisa na shina lake. Waliodhani kwamba mababu wa dinosaria walikuwa vijinyama vidogo vya kukimbia kwa miguu miwili walilazimika kufikiri upya: huyu alitembea kwa miguu minne, na urefu wake ulifika mita 2 hadi 3. Makala ilitoka mwaka 2017 katika jarida la Nature, na jina la Charig limo kati ya waandishi, miaka 20 baada ya kifo chake. Mimi naona hiyo ni haki, na ni adabu ya kisayansi.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Nyasasaurus. Mnyama huyu hakuhitaji safari mpya. Mfupa wa juu wa mkono na pingili kadhaa alizookota Parrington vilikuwa London. Pingili nyingine, za mkusanyiko wa Stockley, zilikuwa Cape Town. Sterling Nesbitt, Paul Barrett na wenzao walivilinganisha. Mfupa wa mkono una ukingo mrefu wa kushikia msuli, kama wa dinosaria. Kisha walikata kipande chembamba kiasi cha kupitisha mwanga na kukitazama kwa hadubini: nyuzi zimesokotana bila mpangilio na njia za damu zinaelekea kila upande, dalili ya mwili uliokua haraka. Desemba 2012 walitangaza kwamba huyu ama ni dinosaria wa zamani kuliko wote wanaojulikana, akiwatangulia wengine kwa zaidi ya miaka milioni 10, ama ni ndugu yao wa karibu kabisa.

Kuna kumbukumbu ambayo vijikaratasi vile havikuitunza: majina ya wenyeji. Waliojua makorongo, waliobeba, waliochimba, mara nyingi wameandikwa kwa jumla tu. Mwaka 2022 mnyama mkubwa aliyepatikana katika msafara wa 1963, mwenye fuvu la zaidi ya sentimita 75, alipewa jina Mambawakale ruhuhu, na waandishi walieleza kwamba kwa kuchagua Kiswahili walitaka kutambua mchango wa Watanzania ambao msafara ule haukuwataja. Ni hatua njema, ila majina yao yenyewe yangefaa zaidi. Wazee wa Ruhuhu waliokuwa vijana mwaka 1963 bado wanaweza kuulizwa, na kazi hiyo haihitaji hadubini. Kuhusu mifupa yenyewe mambo yamebadilika: kielelezo cha Asilisaurus kina namba ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, na mtafiti anayetaka kukiandika lazima aitaje.

Swali la Nyasasaurus bado liko wazi. Dinosaria wana tundu katikati ya kikombe cha nyonga, pale mfupa wa paja unapoingia. Kikombe cha Teleocrater kimezibwa kwa sehemu kubwa. Nyonga ya Nyasasaurus haijapatikana. Inaweza kuwa ukingoni mwa korongo ambalo mvua ya masika italibomoa, au ndani ya droo, chini ya kijikaratasi chenye jina la mnyama mwingine.