Marubani Wakija Kutembea, Nani Amefyeka Kiwanja?

Ndugu wafanyakazi wa Busia, Tororo na pande zote mbili za mpaka,

Si mara moja wala mbili mmeiona ndege ndogo ikipita juu ya mashamba ya miwa au juu ya mabomba ya moshi ya kiwanda cha saruji. Watoto huipungia mkono. Watu wazima hubahatisha: huyo ni waziri, huyo ni daktari, huyo ni mtu wa kura. Lakini wako marubani ambao hawasafiri kwa kazi wala kwa siasa. Wanaruka kwa kutembea tu. Hupatana siku, mara nyingi Jumamosi au Jumapili, na kila mmoja huja na ndege yake au ya klabu. Hukutana kwenye kiwanja kimoja, wakala chakula pamoja, wakasimuliana habari, wakashindana kidogo, kisha kila mmoja akarudi kwao kabla jua halijatua.

Wengi wetu tunasema hayo ni mambo ya matajiri, hayatuhusu. Yanatuhusu. Ndege haitui juu ya mti. Inatua kwenye kiwanja, na kiwanja kinafyekwa, kinalindwa na kusawazishwa na mfanyakazi. Hivyo basi yafaa tuzielewe safari hizi, tujue zinaendaje, na tujue haki yetu ndani yake ni ipi.

WALIANZA ZAMANI

Klabu ya marubani ya Afrika Mashariki, Aero Club of East Africa, ilianzishwa Nairobi mwaka 1927. Mwaka 1929 mama mmoja, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya ndege iliyoitwa Wilson Airways, na ndiye ambaye uwanja wa Wilson wa Nairobi unaitwa kwa jina lake. Klabu ile ingali hapo Wilson mpaka leo. Mwaka 1931 ndege za posta kutoka Uingereza zilianza kutua juu ya maji ya ziwa pale Kisumu, na watu wa nyanza zote wakazoea kusikia ngurumo ya injini angani.

Wakati ule kuruka kwa starehe kulikuwa kwa walowezi. Mwafrika alifika kiwanjani kusukuma ndege, kubeba mapipa na kupika chai. Baada ya uhuru mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua chuo cha urubani Soroti, kiasi cha kilomita 130 kutoka Tororo, ili vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wasomee hapa hapa nyumbani. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977, lakini chuo kilibaki, na watoto wa wakulima na wa wafanyakazi wamepita pale wakawa marubani na mafundi. Siku hizi Waganda wapendao kuruka hukutana Kajjansi, kwenye barabara ya kwenda Entebbe, na Wakenya hukutana Wilson.

KLABU NI KAMA USHIRIKA

Ndege inayopendwa sana kwa matembezi ni Cessna 172. Ina viti 4, na imetengenezwa tangu mwaka 1956. Mwendo wake ni kama kilomita 200 kwa saa, na hunywa petroli lita 30 na zaidi kila saa. Juu ya petroli kuna bima, kuna ada ya kuiegesha, kuna fundi mwenye leseni ambaye lazima aikague kila baada ya saa kadhaa za kuruka. Hata mwenye mshahara mnono huona mzigo huo ni mzito.

Kwa sababu hiyo marubani wengi hawana ndege zao binafsi. Wanachama hununua ndege moja kwa pamoja au hukodi ya klabu, kila mmoja akalipa kwa saa alizoruka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wale tunaowaona kama mabwana wakubwa wamefanya lile lile ambalo wenzetu wanalifanya katika vyama vya akiba na mikopo.

Jambo jingine la kujua: leseni ya rubani wa kawaida hupatikana baada ya kama saa 40 za kuruka pamoja na mitihani, na leseni hiyo haimruhusu mtu kubeba abiria kwa biashara. Anaweza kumchukua rafiki yake. Hawezi kusimama kiwanjani akauza tiketi za kuzunguka mji. Siku mtu akija na ndege ndogo akasema, "Lipeni, niwazungushe mara moja," mwulizeni leseni ya biashara iko wapi. Hiyo ni roho yako, ndugu, na ya mtoto wako.

Michezo yao nayo ina maana. Huchora mstari kwa chokaa, na anayetua karibu nao kuliko wengine ndiye mshindi. Hudondosha vifuko vya unga kulenga alama iliyowekwa chini. Huandika saa watakayofika mahali fulani, kisha ikaangaliwa nani hakukosea hata nusu dakika. Utaona kama wanacheza, lakini anayejua kutua juu ya mstari siku ya mchezo ndiye atakayejua kutua kwenye shamba dogo siku injini ikizima.

NGURUMO ZA TORORO

Kwa rubani wa ndege ndogo, pande zetu ni nzuri na ni ngumu. Ni nzuri kwa sababu hapotei. Mwamba wa Tororo unaonekana kutoka mbali, mlima Elgon uko kaskazini, ziwa liko kusini, na reli na barabara zinamwonyesha njia.

Ni ngumu kwa sababu ya mvua za radi. Hesabu ya miaka 10, tangu 1967 hadi 1976, ilionyesha kwamba Tororo ilipata ngurumo siku 251 kwa wastani kila mwaka. Ni mahali pachache sana duniani panapofikia hapo. Mawingu hayo hujijenga jua linapopanda, na ndege ya viti 4 haiwezi kushindana nayo. Kwa hiyo rubani mwenye akili hufika asubuhi na huondoka mapema. Ukimwona ameacha nyama mezani akakimbilia ndege yake saa sita mchana, usimcheke. Ameangalia mawingu.

Tena nchi yetu iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na ikipata joto huwa nyepesi zaidi. Ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Ndiyo maana majani marefu na mashimo kiwanjani si jambo dogo: majani huishika ndege miguu, na shimo huvunja gurudumu. Aliyefyeka vizuri ameokoa watu, ijapokuwa jina lake halitajwi kwenye hotuba.

MPAKA UNAOPITIKA KWA MIGUU

Sasa tazameni ajabu hii. Busia ndiko ilikoanzia boda boda, zile baiskeli zilizobeba watu kutoka mpaka hadi mpaka, na jina hilo limeenea Afrika Mashariki nzima. Tangu mwaka 2014 Mkenya na Mganda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho tu. Mwaka 2018 marais wa nchi hizo mbili walifungua rasmi kituo cha pamoja pale Busia, msafiri akamalize shughuli zote mahali pamoja. Mama mwenye kikapu cha nyanya anavuka kabla chai yake haijapoa.

Rubani hawezi. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, uliotiwa sahihi Chicago mwaka 1944, unataka ndege inayovuka mpaka itue kwenye uwanja wenye forodha na uhamiaji, ikiwa nchi inayoingiwa imeagiza hivyo. Kutoka kiwanja cha Tororo hadi Busia ya Kenya ni kama kilomita 25 kwa njia ya hewa, yaani dakika 8. Lakini rubani asiye na kibali maalum itambidi aende Entebbe kugonga pasipoti, kiasi cha kilomita 200; kutoka huko avuke ziwa mpaka Kisumu, kilomita 250 na zaidi; halafu arudi Busia, kilomita 90 nyingine. Jumla ni kama kilomita 550, saa 3 hewani na lita 100 za petroli, kwenda kula samaki mahali ambapo baiskeli hufika bila jasho jingi.

Asiyefuata taratibu hizo huona cha moto. Mwezi wa Novemba mwaka 2016 marubani wa ndege za kizamani waliokuwa katika msafara wa kutoka kisiwa cha Krete hadi Cape Town walizuiwa Gambella, nchini Ethiopia, kwa siku mbili, kwa sababu wakuu wa huko walisema wameingia bila kibali. Baadaye waliachiliwa wakaja Kenya. Nchi zetu zina haki ya kulinda anga lao, maana magendo hayapiti barabarani peke yake. Lakini ikiwa Busia imeweza kuweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja kwa ajili ya malori na watembea kwa miguu, hakuna kinachozuia nchi hizo kupanga siku moja kwa mwaka ambapo maofisa watakwenda kwenye kiwanja kidogo cha mpakani. Wageni wakija, wenye hoteli, wauza samaki, wapishi na madereva watapata. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

MWENYEJI NAYE APONE

Lakini apone kweli. Nimewahi kukaa na vibarua wa shamba moja waliofyeka kiwanja Jumamosi mchana kutwa, wakalinda ndege Jumapili nzima, na jioni wakapewa soda na mkate. Msimamizi aliwaambia kwamba hiyo ilikuwa sherehe, si kazi. Kwa aliyekuwa mezani ilikuwa sherehe. Kwa aliyeshika panga ilikuwa kazi.

Sheria haina utata hapa. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Sheria ya Kazi ya Uganda ya mwaka 2006 nayo inasema mtu asifanye kazi zaidi ya siku 6 mfululizo bila kupumzika saa 24. Nchi zote mbili zina sheria ya fidia kwa anayeumia kazini. Kwa hiyo, mkisikia marubani wanakuja, wajumbe wa matawi waende kwa msimamizi mapema, si asubuhi ya siku yenyewe. Waulize nani atafanya kazi, saa ngapi, kwa malipo gani, na siku gani atapumzika badala ya hiyo. Majibu yaandikwe.

Na usalama msiuache kwa bahati. Propela, lile panga la mbele linalozunguka, halionekani likiwa mbioni, na limeua watu wengi duniani. Mtu asilikaribie hata injini ikiwa imezimwa. Injini yenye moto au yenye hitilafu inaweza kuruka ghafla ikiguswa. Ndege iendewe kutoka nyuma au ubavuni, tena baada ya rubani kuita. Kamba ifungwe kuzuia watoto, ng'ombe na mbuzi. Anayejaza petroli ahakikishe pipa: petroli ya ndege hizi ina rangi ya samawati, na mafuta ya taa ya ndege za jeti hayana rangi hiyo. Wakichanganya, ndege itapaa vizuri na kuzima ikiwa hewani.

Ndugu zangu, hatuwaonei kijicho wanaoruka. Kila binadamu anayefanya kazi juma zima anahitaji siku ya kukaa na wenzake na kucheka. Wao huruka kwenda kukutana. Sisi twaweza kwenda kwa basi hadi ziwani, tawi zima na familia zetu, kwa mchango wa kila mwezi kama wafanyavyo wao. Ila siku yao ya mapumziko isilipwe kwa kutunyang'anya yetu. Wakija tuwapokee kwa heshima, kiwanja kikiwa safi, kamba zikiwa zimefungwa, na mkataba wa malipo ukiwa mfukoni mwa mjumbe.