Kabla ya kutuma, roho itulie kwanza

Usiku, odio moja inaingia mu kundi la WhatsApp. Hakuna anayejua ni sauti ya nani, lakini imejaa hasira: "Bale batu banakuja kutunyanganya kazi! Tuma ku bandugu yote!" Kisha dakika chache imefika Likasi, Kolwezi na Lubumbashi. Asubuhi, wachimbaji wawili wanaoshuka mu shimo moja hawasalimiane.

Ndugu wachimbaji, na ninyi ba mama, siasa inagusa roho. Mutu ambaye mushahara wake umekawia, na bei ya unga imepanda, ako na haki ya kukasirika. Ubaya ni pale mutu mwingine anaichukua hasira hiyo na kuigeuza juu ya jirani.

Mu 2018, watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walitangaza kazi yao juu ya habari zilizopita ku Twitter tangu 2006 mpaka 2017. Waliona kama habari ya uongo ilikuwa na nafasi 70% zaidi ya kurudishwa na watu kuliko ya kweli. Juu ya nini? Uongo unashangaza, unachukiza, na kidole kinatangulia akili.

Huku Katanga tunajua bei ya maneno. Mu 1992 na 1993 simu hizi hazikuwa. Maneno yalipita ku mikutano na mu mitaa: watu wenye asili ya Kasai waliitwa "bilulu", ni kusema wadudu. Kisha walifukuzwa mu nyumba na ku kazi, hata wafanyakazi wa Gécamines, hata wenye kuzaliwa hapa hapa. Maelfu walilala ku gare za Likasi na Kolwezi wakingojea treni, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, watoto pia. Matusi ndiyo yalitangulia.

Leo odio inakimbia kuliko mukutano. Kwa hiyo, ukiona mishale miwili juu ya ujumbe ku WhatsApp, ujue umekwisha kupita mikono mingi. Jiulize: nani anasema? Ilifanyika wapi, siku gani? Nani atapata faida nikikasirika? Kama jibu hakuna, usitume. Tena, Code du numérique ya 2023 inaazibu hata mwenye kurudisha habari ya uongo juu ya mutu, si mwenye kuianzisha peke yake.

Mushahara, usalama wa kazi, maji machafu: hayo yanastahili hasira yetu. Tuyaandike ku karatasi, na tarehe na majina yetu, tumupelekee délégué wa sendika, tena tumufuate mpaka atoe jibu. Mu shimo, jiwe likianguka, mwenye kukuvuta ni yule aliye karibu, na siku hiyo hautamuuliza babu yake alitoka wapi.