Kabla ya kubadili kinu cha kahawa, kipime kwanza ulicho nacho

Na Mwandishi Wetu

KWA mkazi wa Dar es Salaam aliyekulia kwenye kahawa ya dele, usagaji haujawahi kuwa jambo la kuumiza kichwa. Kahawa hutwangwa, huchemshwa juu ya mkaa, kisha humiminwa kwenye vikombe vidogo na kunywewa pamoja na kashata. Ikiwa unga una chembe kubwa na ndogo, muda mrefu wa kuchemka hupunguza tofauti hiyo, na chembe nzito hutuama chini.

Mambo hubadilika siku mtu huyo anapoingiza nyumbani mashine ya espreso. Leo kahawa hutoka majimaji na yenye uchachu. Kesho yake, kutoka kwenye mfuko uleule, hutoka matone machache machungu. Akiwauliza wenzake, jibu analopewa mara nyingi ni moja: badilisha kinu cha kusagia.

Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini una gharama. Mwandishi wa makala haya nusura aufuate kwa fedha zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya tangi la maji la nyumbani. Kilichoziokoa fedha hizo ni vipimo vichache ambavyo mtu yeyote anaweza kuvifanya jikoni kwake.

Unga ndio breki

Ili kuelewa kwa nini kinu hulaumiwa, ni vyema kujua espreso inavyotengenezwa. Luigi Bezzera wa Milan, Italia, alipata hataza ya mashine yake mwaka 1901, lakini mashine za wakati huo zilitegemea nguvu ya mvuke, ambayo ilikuwa ndogo. Ni baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndipo Achille Gaggia, naye wa Milan, alipoleta mashine ya wenzo na springi iliyosukuma maji kwa nguvu kubwa zaidi. Povu la rangi ya dhahabu linaloonekana juu ya espreso lilitokana na mabadiliko hayo.

Tangu hapo, maji ya moto husukumwa kwa mgandamizo wa takriban mara 9 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Mbele ya nguvu hiyo kizuizi kikubwa ni kimoja tu, nacho ni unga wa kahawa ulioshindiliwa ndani ya kichujio. Unga ukiwa mkavu wa chembe kubwa, maji hupita mbio na kuacha ladha nyuma. Ukiwa laini mno, maji hukwama na kuzoa hata uchungu usiotakiwa.

Taasisi ya Italia iliyoanzishwa mwaka 1998 kulinda ubora wa espreso iliweka kipimo cha gramu 7 za unga, kutoa mililita 25 za kahawa kwa sekunde 25. Watumiaji wengi wa nyumbani siku hizi hutumia kipimo cha vikombe viwili kwa pamoja: gramu 18 za unga kutoa takriban gramu 36 za kahawa, kwa sekunde 25 hadi 30. Kwa vyovyote vile, saa ya sekunde ndiyo shahidi wa kwanza wa kazi ya kinu.

Ni muhimu pia kutofautisha aina za vinu. Kile chenye visu vinavyozunguka kama vya blenda hukatakata punje bila mpangilio, na huacha vumbi na vipande vikubwa kwa pamoja. Chenye vumbi hutoa uchungu, chenye vipande hutoa uchachu, na vyote huishia katika kikombe kimoja. Mwenye kinu cha namna hiyo hahitaji kipimo chochote. Kwa espreso hakimfai. Makala haya yanamhusu zaidi mwenye kinu cha meno, yaani kile kinachosaga punje kati ya vyuma viwili vyenye meno ambavyo umbali wake hurekebishwa.

Vipimo kabla ya kufungua pochi

Jambo la kwanza la kuchunguza ni umri wa kahawa yenyewe. Punje zilizokaangwa karibuni huwa na hewa ya kaboni ndani yake ambayo husaidia kuzuia kasi ya maji. Hewa hiyo hupungua siku hadi siku. Kahawa iliyokaa miezi mitatu kabatini hupitisha maji haraka hata ikisagwa laini. Katika nchi inayolima kahawa Kilimanjaro, Mbeya, Songwe, Ruvuma na Kagera, si vigumu kupata mfuko ulioandikwa tarehe ya kukaangwa. Chagua uliokaangwa kati ya wiki moja na mwezi mmoja uliopita.

Pili, pata mizani ndogo ya kielektroniki inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Kijiko hakitoshi. Tofauti ya gramu 2 katika kichujio inatosha kubadili muda kwa sekunde nyingi, na lawama zote zikaangukia kinu kisicho na kosa.

Tatu, safisha kinu. Chomoa waya kwenye umeme, fungua meno na uyasugue kwa brashi kavu. Mafuta ya kahawa ya zamani hugandamana na unga na kuharibu ladha ya kila kikombe kinachofuata. Meno ya chuma yasioshwe kwa maji, kwani yanaweza kushika kutu.

Nne, chungulia kichujio cha mashine yako. Mashine nyingi za bei nafuu huja na kichujio chenye kuta mbili na tundu moja dogo kwa chini. Tundu hilo ndilo linalotengeneza mgandamizo, si unga. Mwenye kichujio hicho akinunua kinu cha gharama kubwa ataona mabadiliko madogo tu. Anapaswa kwanza kupata kichujio cha ukuta mmoja kinacholingana na mashine yake, ambacho kwa kawaida bei yake ni ndogo.

Baada ya hayo ndipo kinu kinapopimwa. Weka gramu 18, saga kwa alama ndogo kuliko zote ambayo meno hayagusani, shindilia na uwashe mashine. Kinu kinachofaa kwa espreso lazima kiweze kuibana mashine hadi itoe matone tu au isitoe kabisa. Ikiwa kahawa bado inamiminika na kumalizika kwa sekunde 12, tazama kwanza kitabu cha maelekezo, kwa kuwa baadhi ya vinu vina marekebisho ya ndani yanayosogeza meno karibu zaidi. Likishindikana hilo, hapo kweli kinu kimefika mwisho wake.

Ikiwa kinaweza kuibana, angalia ukubwa wa hatua zake. Vinu vingi vya nyumbani hurekebishwa kwa alama zinazolia “ka” kila zinaposogezwa. Pima sekunde kwenye alama mbili zinazofuatana. Zikiwa 24 na 30, huna tatizo. Zikiwa 19 na 41, mahali unapopahitaji hapapo kwenye kinu chako.

Kipimo cha mwisho ni uthabiti. Tengeneza vikombe vitatu mfululizo bila kubadilisha chochote, kwa uzito uleule na mkono uleule wa kushindilia. Muda ukiyumba kutoka sekunde 20 hadi 35, rudia siku inayofuata. Ukiyumba tena, huenda meno yamelika au hayakukaa sawa. Meno mapya ya kinu hichohicho, yanapopatikana, hugharimu kiasi kidogo kuliko kinu kizima.

Wakati wa kupima, linganisha pia uzito wa punje zinazoingia na unga unaotoka. Kinu kinachopokea gramu 18 na kutoa 15 kimebaki na gramu 3 tumboni, ambazo utazinywa kesho zikiwa zimepoteza harufu.

Sayansi inasemaje

Wapo wanaoamini kuwa kadiri unga unavyokuwa laini ndivyo kahawa inavyokuwa bora. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Matter, ambao miongoni mwa watafiti wake alikuwa Christopher Hendon wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, ulionyesha kuwa dhana hiyo ina kikomo. Unga ukizidi kuwa laini huziba sehemu fulani za kichujio, maji yakatafuta njia nyingine rahisi, na vikombe vikaanza kutofautiana. Walipotumia kahawa pungufu iliyosagwa kwa chembe kubwa kidogo, matokeo yalitulia zaidi.

Utafiti mwingine katika jarida hilohilo mwaka 2023 ulieleza kuwa kuzinyunyizia punje maji kidogo sana kabla ya kusaga hupunguza umeme tuli unaofanya unga ushikamane na kutawanyika. Ni matone tu, na hayagharimu kitu.

Hesabu ya mwisho

Msomaji aliyepitia hatua zote na kukuta kinu ndicho chenye kosa, bado ana hesabu ya kufanya. Tuchukulie kinu kipya kinauzwa Sh900,000 na kitadumu miaka mitano. Nyumba inayotengeneza vikombe viwili kila siku itakuwa imetengeneza 3,650, hivyo kila kikombe kimebeba takriban Sh250 za kinu. Nyumba inayotengeneza vikombe viwili Jumapili tu itafikisha 520, na kila kimoja kitabeba zaidi ya Sh1,700. Kinu ni kilekile. Kinachotofautisha ni matumizi.

Ipo pia njia ya kati. Kinu cha mkono chenye meno mazuri na hatua ndogo huuzwa kwa bei ya chini kuliko cha umeme chenye usagaji unaolingana nacho, kwa sababu mnunuzi halipii mota. Gharama yake ni jasho la dakika moja au zaidi kwa kila kipimo. Kwa watu wawili asubuhi inavumilika. Kwa wageni sita, mkono utalalamika.

Wanaotegemea ndugu walioko Marekani wawe waangalifu. Umeme wa huko ni wa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, wakati wa Tanzania ni volti 230 na mizunguko 50. Transfoma hurekebisha volti lakini haibadili mizunguko, na baadhi ya mota huzunguka taratibu na kupata joto zaidi. Soma kibandiko cha nyuma kabla ndugu hajalipa.

Aidha, ukubwa usiwe kigezo cha kwanza. Meno makubwa ya vinu vya mahotelini yametengenezwa kwa ajili ya kusaga haraka, kikombe baada ya kikombe, siku nzima. Nyumbani, cha kutazama ni udogo wa hatua za kurekebisha, uchache wa unga unaobaki ndani, na upatikanaji wa vipuri.

Kwa upande wa mwandishi wa makala haya, kahawa yake ilikuwa ikitoka kwa sekunde 11. Mfuko mpya wa punje na usafi wa kinu viliifikisha sekunde 19. Alama iliyofuata ilitoa 41, na hapo ilionekana kuwa walioshauri kinu kibadilishwe walikuwa wamepatia kwa kiasi fulani. Lakini kwenye alama hiyohiyo ya 41, unga ulipopunguzwa kutoka gramu 18 hadi 16.5, kahawa ilitoka kwa sekunde 29, ikiwa na povu lake na utamu wake.

Kinu hicho bado kina kasoro, na kila mfuko mpya unapofunguliwa hulazimu mizani kutolewa tena. Siku kitakaposhindwa kuibana mashine, kitabadilishwa bila majuto. Kwa sasa kimebaki mezani, na tangi la maji liko juu ya mnara wake.