Kipimo kimoja hakitoshi: mantiki ya majibu ya VVU

Swali linalorudi kila mara katika barua za wasomaji ni hili: mtu amepimwa VVU, kipimo cha kwanza kimeonyesha maambukizi, cha pili kimekataa, kipi kinadanganya? Aliyesoma saketi za kompyuta hashangai, maana anachofanya mpimaji ni kazi ya lango la NA. Katika mantiki aliyoiandika Mwingereza George Boole mwaka 1854, ambayo Claude Shannon wa Marekani alionyesha mwaka 1937 kwamba inaweza kujengwa kwa swichi za umeme, kila taarifa ni 1 au 0. Jedwali la ukweli la lango la NA lina mistari minne: 0 na 0 hutoa 0, 0 na 1 hutoa 0, 1 na 0 hutoa 0, ni 1 na 1 tu inayotoa 1. Lango la AU hutosheka na 1 moja. Kwa mpimaji, 1 ni kipimo kilichoonyesha maambukizi na 0 ni kilichokataa, na VVU hutangazwa pale tu vipimo vyote vinapotoa 1.

Usumbufu wote huo wa nini? Tuchukue watu 10,000, kati yao 100 wana VVU, na kipimo kinachomkosea mtu mmoja katika kila 100 wasio na maambukizi. Wazima 9,900 watatoa majibu chanya ya uongo 99, kwa hiyo karibu nusu ya walioonekana wana VVU hawana. Wapitishe kwenye kipimo cha pili chenye ubora uleule, na wa uongo atabaki mmoja hivi. Ila hesabu hiyo husimama pale tu vipimo viwili visipokosea kwa sababu ileile, na hapa ndipo penye utamu. Kitepe cha kupimia VVU hunasa kingamwili kwa antijeni, yaani protini za kirusi, zilizopakwa juu yake. Mwenye kingamwili nyingine inayoing'ang'ania antijeni hiyo kwa bahati mbaya atachora mstari hata akirudia kitepe cha aina hiyo mara kumi. Lango la NA linalolishwa na waya mmoja pande zote mbili halichuji kitu. Kwa hiyo kipimo cha pili lazima kiwe cha aina nyingine. Tena, maambukizi yakipungua katika jamii, uzito wa chanya za uongo huongezeka. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zote zitumie vipimo vitatu mfululizo.

Je, ukali huo hauwafichi wenye maambukizi? Ungewaficha kama 1 na 0 ingefungwa hapohapo. Kipimo cha kwanza, kinachochaguliwa kwa wepesi wake wa kunasa, hurudiwa. Kikishikilia, majibu huandikwa kuwa hayajabainika na mtu hurudi baada ya siku 14. Mantiki ya Boole haina jibu hilo la tatu. Benki ya damu, kwa upande wake, hutumia AU: VVU, homa ya ini B au C, au kaswende, kipimo kimoja tu kikitoa 1, damu hiyo hutupwa. Kutupwa kwa damu si uthibitisho kwamba mchangiaji ana VVU.

Matapeli wa dawa za mitishamba hushamiri kwenye mstari wa 1 na 0. Mtu mwenye chanya ya uongo hunywa chupa zao, hupimwa tena, hutoka hasi, na tapeli hujitangaza kaponya kirusi ambacho hakikuwapo. Ukipata majibu yanayogongana, rudi kituoni siku uliyopangiwa. Na unayetumia dawa za kufubaza VVU (ARV) usijipime kwa kitepe cha nyumbani: dawa zinaweza kushusha kingamwili hadi kitepe kisione kitu, na kirusi bado kimo mwilini.