Je, Wajua? Redio isiyodai betri

Mwaka 1991, Mwingereza Trevor Baylis alitazama kipindi cha televisheni kuhusu UKIMWI barani Afrika, akabuni redio ya kujaza kwa mkono. Unazungusha mpini, springi inakaza, redio inaongea. Zilitengenezwa Cape Town, nazo zilishika masafa mafupi pia.

Wanunua redio kuukuu ya betri? Fungua kifuniko cha betri kwanza. Ukiona ungaunga mweupe au wa kijani kwenye vyuma vinavyogusa betri, betri ilivuja na chuma kinaliwa. Iache, hata kama kwa nje inang’aa!

Antena huchoka pale chini inapojikunja. Ikivunjika, funga kwenye kipande kilichobaki waya wa mita chache, uutundike mtini. Mara nyingi sauti huzidi ya awali.

Na ijaribu redio usiku: masafa mafupi ya mita 49 husafiri mbali giza likiingia.