UKITAKA KUBADILI BIASHARA, USIWAACHE WATU WAKO



Mwaka juzi nilifunga duka langu la mafuta ya alizeti hapa Singida mjini, nikakimbilia simu. Nilisikia zinalipa. Miezi minne tu, mtaji umekata. Ndiyo maana stori ya huyu mzee imenigusa.

Anaitwa Harold Leventhal, Mmarekani, alizaliwa 1919. Alikuwa meneja wa waimbaji wa nyimbo za asili za kwao, huku bado yuko kwenye biashara ya nguo ya ndugu yake. Hakuacha kinachomlisha.

Kundi lake, The Weavers, lilivuma sana 1950. Baadaye wakatuhumiwa ukomunisti, milango ikafungwa, kundi likavunjika. Wewe ungetafuta wasanii wengine, si ndiyo? Yeye Desemba 1955 akawarudisha jukwaani Carnegie Hall, New York. Ukumbi ukajaa.

Mwimbaji mwingine, Woody Guthrie, akapata ugonjwa wa neva usiopona. Gitaa likamshinda. Kibiashara huyo hana faida tena. Lakini 1956 Leventhal na wenzake wakaanzisha mfuko wa kutunza mapato ya nyimbo zake kwa ajili ya watoto wake. Guthrie alifariki 1967.

Sasa ona alivyoingia kwenye filamu. Arlo, mtoto wa Guthrie, naye aliimba, na meneja wake alikuwa huyo huyo Leventhal. Wimbo wa Arlo ukazaa filamu ya Alice's Restaurant, 1969, Leventhal akiwa mmoja wa watayarishaji. 1976 akashiriki kutayarisha Bound for Glory, filamu ya maisha ya Guthrie. Ikachukua Oscar 2.

Piga hesabu: toka ule mfuko mpaka filamu hiyo ni miaka 20. Alibadilisha kazi, watu hakubadilisha.

Nimejifunza haya:

1. Kabla hujaongeza bidhaa, jiulize wateja ulionao wanahitaji nini kingine.
2. Mteja akikwama, usimtupe.
3. Usizime jiko la kwanza kabla la pili halijawaka.

Mimi nimerudi kwenye mafuta kwa mkopo wa dada yangu. Nikagundua wateja wangu wengi wanafuga kuku wa kienyeji, nikaongeza mashudu. Deni bado halijaisha, ila kila wiki napunguza.

Na wewe, wateja wako wananunua nini kwa jirani ambacho ungeweza kuwauzia wewe?